Majeshi dola 13, misaada dola 1: mataifa tajiri na ahadi ya 0.7

#1 Kibarango
Salaam wakuu. Naweka takwimu mezani, tujadili.

Mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi, kwa hesabu za SIPRI, ile taasisi ya Stockholm ya utafiti wa amani. Mwaka huohuo misaada rasmi ya maendeleo kutoka nchi za DAC, yaani ile kamati ya wahisani ya OECD (jumuiya ya nchi tajiri), ilikuwa dola bilioni 212.1. Karibu mara 13. Mwaka 2023 ilikuwa 2,443 kwa 223, mara 11 hivi. Kimoja kinapaa, kingine kinaporomoka.

Sasa swali. Lengo la kutoa asilimia 0.7 ya pato la taifa lilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Oktoba 1970. Mwaka 2024 lilifikiwa na nchi nne tu za DAC: Norwei, Luxembourg, Uswidi na Denmaki. Lengo la NATO la asilimia 2 kwa ulinzi liliwekwa Wales mwaka 2014, na ndani ya miaka kumi wanachama wengi walishalifikia. Zote ni ahadi, tena za nchi zilezile. Kwa nini moja inatekelezeka na nyingine haitekelezeki?

#2 Pwagu
Jibu fupi: Putin. Uzi ufungwe.

#3 Bi Takwimu
Kibarango, mada nzuri ila kigawanyo chako kina kasoro. Juu umeweka dunia nzima, pamoja na China (makadirio ya bilioni 314) na Urusi (149). Chini umeweka wahisani wa DAC peke yao, ambao China na Urusi hawamo. Hapo unagawanya mbuzi kwa maembe.

Chukua nchi mojamoja, mwaka 2024, mabilioni ya dola kwa bei za mwaka huo:

Marekani: jeshi 997, misaada 63.3. Karibu mara 16.
Uingereza: 81.8 kwa 18.0. Mara 4.5.
Ufaransa: 64.7 kwa 15.4. Mara 4.2.
Japani: 55.3 kwa 16.8. Mara 3.3.
Ujerumani: 88.5 kwa 32.4. Mara 2.7.

Norwei inakuja takribani mara 2. Kwa hiyo "mataifa tajiri" si kundi moja. Marekani peke yake ndiyo inayouvuta wastani kwenda juu.

#4 Kibarango
Nimekupata Bi Takwimu, ila hata ukitoa China na Urusi picha haibadiliki sana. Nchi za NATO pekee zilitumia bilioni 1,506 mwaka huo. Hapo sijaongeza Japani, Korea Kusini wala Australia, ambazo nazo ni wahisani wa DAC. Bado ni zaidi ya mara 7.

#5 Bi Takwimu
Saba sibishani nayo. Nilibisha 13.

Angalia pia mwendo, maana uwiano wa mwaka mmoja unadanganya. Ujerumani mwaka 2022 ilikuwa jeshi 55.8 kwa misaada 35.6, yaani mara 1.6. Miaka miwili tu baadaye ni 2.7. Mwaka 2024 peke yake matumizi yake ya kijeshi yalikua asilimia 28, kwa sababu ule mfuko maalumu wa yuro bilioni 100 wa mwaka 2022 ulianza kutoka benki kwenda viwandani.

#6 Mkaguzi Mstaafu
Kabla hamjagawanya tena, someni kilichomo ndani ya kila namba. Nianze na upande wa jeshi.

SIPRI wanahesabu mishahara, uendeshaji, ununuzi, utafiti, ujenzi wa kambi, na pensheni za wanajeshi. Vikosi vyenye silaha nje ya jeshi vinaingia pia, ikiwa vimefunzwa na kupewa vifaa vya kupigana vita. Kinachotolewa ni ulinzi wa raia wakati wa maafa, mafao ya wapiganaji wa zamani na gharama za kuwarudisha uraiani. Kwa Marekani hilo si jambo dogo: wizara inayohudumia maveterani ina bajeti yake ya zaidi ya dola bilioni 300 kwa mwaka, na haimo ndani ya ile 997. Kinyume chake, kazi za vichwa vya nyuklia zinafanywa chini ya wizara ya nishati, lakini zimo.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: msaada wa kijeshi unaotolewa kwa nchi nyingine unahesabiwa kama matumizi ya kijeshi ya anayetoa.

#7 Kaskazi
Ina maana zile bilioni 3.3 za kila mwaka za Marekani kwa Israel, na 1.3 za Misri, hazimo kwenye misaada ya maendeleo?

#8 Mkaguzi Mstaafu
Hazimo. Vifaa na huduma za kijeshi havikubaliki kabisa kwenye ODA, yaani misaada rasmi ya maendeleo. Israel haimo hata kwenye orodha ya nchi zinazostahili kupokea ODA. Nchi ikivuka kiwango cha kipato cha juu miaka mitatu mfululizo inatolewa kwenye orodha.

Ila mpaka una matundu. Mchango wa nchi kwenye operesheni za amani za Umoja wa Mataifa unahesabiwa asilimia 15 kuwa ODA. Awali ilikuwa 7. Kutegua mabomu ya ardhini ni ODA. Kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha uraiani ni ODA. Ndege ya jeshi ikipeleka chakula kwenye maafa, gharama ya ziada tu ndiyo ODA. Mshahara wa rubani, ambaye angelipwa hata kama angekaa kambini, hapana.

Na anayeitoa fedha si lazima awe wizara ya misaada. Mwaka 2005, wakati wa ujenzi wa Irak, zaidi ya asilimia 20 ya ODA ya Marekani ilipitia Pentagon, wizara yake ya ulinzi. Yaani idara ya upande wa juu wa kigawanyo chenu ndiyo iliyokuwa ikitumia fedha za upande wa chini.

#9 Pwagu
Ngoja nivute kiti, wataalamu wameshafika.

#10 Tarakimu
Mkaguzi kamaliza upande wa jeshi, mimi naingia upande wa misaada, ndiko kwenye vichekesho.

Kwanza, wakimbizi. Gharama za kumlisha na kumlaza mkimbizi ndani ya nchi mhisani kwa miezi 12 ya kwanza zinahesabiwa ODA. Fedha haivuki mpaka. Mwaka 2023 zilikuwa karibu dola bilioni 31 kwa DAC yote, kama asilimia 14 ya jumla. Uingereza mwaka huo ilitumia pauni bilioni 4.3 namna hiyo, asilimia 28 ya msaada wake wote, sehemu kubwa ikiishia kwenye hoteli. Australia haizihesabu kabisa, na kanuni inaruhusu. Hivyo ukilinganisha Uingereza na Australia bila kuzitoa, umeshaharibu.

Pili, chanjo za ziada za UVIKO. Nchi zilizonunua nyingi kupita kiasi zilipozigawa mwaka 2021 ziliruhusiwa kuandika dola 6.72 kwa kila dozi.

Tatu, kufuta madeni. Kilele cha ODA cha 2005 na 2006 kilitokana kwa kiasi kikubwa na kufutwa kwa madeni ya Irak na Nigeria. Mengi yalikuwa madeni ya biashara ya nje ambayo hayakuwa yakilipwa hata hivyo. Kwenye vitabu yakaonekana msaada mpya.

#11 Kibarango
Kwa hiyo hata 212 imevimbishwa. Ukitoa wakimbizi, uwiano wangu unazidi kupanda.

#12 Tarakimu
Unapanda, ndiyo. Ila usisahau mikopo, hiyo ina pande mbili.

#13 Bi Takwimu
Hapo kwenye mikopo ngoja niweke mfano, maana maneno matupu hayasaidii.

Mkopo wa dola milioni 100, riba asilimia 2, miaka 10, mtaji unarudishwa wote mwishoni. Tangu takwimu za 2018, ODA si fedha iliyotoka bali sehemu ya ruzuku iliyomo ndani ya mkopo. Unachukua malipo yote yajayo, unayarudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha punguzo kilichopangwa na DAC: asilimia 9 kwa nchi maskini zaidi, 7 kwa kipato cha kati cha chini, 6 kwa kipato cha kati cha juu.

Kwa nchi ya kipato cha kati cha chini: riba za miaka kumi zina thamani ya leo ya milioni 14.05, mtaji 50.83. Jumla 64.88. Ruzuku ni 35.12. Kizingiti cha kundi hilo, yaani ruzuku ya chini kabisa ili mkopo uhesabiwe ODA, ni asilimia 15, umevuka. Mhisani anaandika ODA ya milioni 35.12.

Mkopo uleule kwa nchi maskini zaidi, punguzo la 9: riba 12.84, mtaji 42.24, jumla 55.08. Ruzuku asilimia 44.92. Kizingiti cha kundi hilo ni 45. Umekosa kwa sehemu nane za mia za asilimia moja (0.08), ODA ni sifuri. Shusha riba iwe 1.9 ruzuku inakuwa 45.57, na ghafla mhisani anaandika milioni 45 na ushei. Hapo mkopeshaji ana sababu ya kuweka masharti juu kidogo tu ya kizingiti.

Kwa mfumo wa zamani milioni 100 zote zingeingia mwaka wa kwanza, kisha zikakatwa kadiri mtaji unavyorejeshwa. Mkopeshaji mkubwa ananufaika na mfumo mpya: mwaka 2018 ODA ya Japani ilionekana kubwa kwa takribani asilimia 40 kuliko kwa hesabu ya fedha taslimu.

#14 Pwagu
Asilimia 0.08 inageuza msaada kuwa si msaada. Huyo aliyebuni kizingiti hakuwa na jambo jingine la kufanya?

#15 Nyuki Dume
Mmezama kwenye ufafanuzi, swali la mleta mada mmeliacha barazani. Aliuliza kwa nini asilimia 2 inatekelezeka na 0.7 haitekelezeki.

Mimi naona jibu liko kwenye mikataba. Bajeti ya ulinzi imefungwa na manunuzi ya miaka 20 au 30. Ukishaagiza nyambizi, kuivunja oda kunagharimu faini na kiwanda kinafungwa. Msaada unapangwa mwaka kwa mwaka, au kwa awamu za miaka mitatu hadi mitano zenye kifungu cha kusitisha. Waziri wa fedha akihitaji kukata ndani ya miezi mitatu, anatafuta mstari usio na mkataba mrefu. Anaukuta mmoja tu mkubwa.

Mfano wa karibuni ni Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 ilitoka amri ya kusitisha misaada kwa siku 90. Machi, waziri wa mambo ya nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa. Julai 1, shirika lililoanzishwa mwaka 1961 likaingizwa wizara ya mambo ya nje. Jaribu kufuta asilimia 83 ya mikataba ya jeshi lolote ndani ya wiki sita uone.

#16 Kaskazi
Na wapiga kura je? Kiwanda cha ndege kina wafanyakazi, wana mbunge, mbunge ana kamati. Anayepokea msaada hapigi kura kwenye nchi ya mhisani. Kwangu hiyo inatosha bila hata kugusa mikataba.

#17 Nyuki Dume
Haitoshi mkuu. Ingetosha, basi misaada ingekuwa midogo kila mahali. Norwei nayo ina viwanda vya silaha na wapiga kura, mbona inatoa asilimia 1.02? Tena Marekani sehemu kubwa ya chakula cha msaada kwa miaka mingi ilinunuliwa kwa wakulima wake na kusafirishwa kwa meli zake. Msaada ulikuwa na wapiga kura. Haukuokoka.

#18 Mkaguzi Mstaafu
Mnasahau asili ya namba zenyewe. Marekani haijawahi kulikubali lengo la 0.7, ilisema hivyo tangu azimio lilipopita. Kumdai mtu deni ambalo hakusaini ni shida.

Lakini kusaini nako si dawa. Uingereza ililifikia lengo mwaka 2013, ikaliweka kwenye sheria 2015. Soma sheria yenyewe: waziri akikosa lengo, wajibu wake ni kuwasilisha maelezo bungeni. Basi. Hakuna faini, na imeandikwa wazi kwamba uhalali wa uamuzi wowote hauathiriki. Mwaka 2021 wakashuka hadi 0.5 na maelezo yakawasilishwa.

#19 Kibarango
Na Februari 2025 waziri mkuu wa Uingereza, Starmer, akatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027, ili ulinzi ufike 2.5. Waziri wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu. Huo ndio ushahidi wa wazi kabisa kwamba kinachotoka upande mmoja kinaingia mwingine. Pauni bilioni 13.4 zimehama.

#20 Bi Takwimu
Hapana, 13.4 si kilichohama. Kilichohama ni 0.2 ya pato la taifa, takribani pauni bilioni 6 kwa mwaka. Ile 13.4 waliipata kwa kulinganisha bajeti ya ulinzi ya 2027 na ya wakati wa tangazo, kana kwamba bajeti isingeongezeka hata shilingi moja bila uamuzi huo. Ukilinganisha na bajeti inayokua sambamba na uchumi, nyongeza ni kama bilioni 6 zilezile. Hoja yako inabaki, namba iwe nusu.

#21 Tarakimu
Kesi ya Uingereza ni ya wazi kwa sababu serikali ilisema yenyewe. Kwingine msiharakishe kusema fedha imehama. Uswidi ililiacha lengo lake la asilimia 1 na kuweka kiwango maalumu, kroni bilioni 56 kwa mwaka kwa 2023 hadi 2025. Serikali mpya iliahidi hivyo kwenye makubaliano ya kuunda muungano, na sababu iliyotajwa ilikuwa ufanisi wa misaada na mambo ya uhamiaji. Jeshi lilikuwa linapanda kwenye reli nyingine. Vitu viwili vikitokea pamoja havijawa chanzo na matokeo.

#22 Pwagu
Narudia: Putin.

#23 Nyuki Dume
Pwagu, Putin huyohuyo alipandisha misaada pia. Ukraine ilipokea takribani dola bilioni 20 za ODA mwaka 2023 kutoka DAC. Vita vilisukuma namba zote mbili juu kwa wakati mmoja, na misaada ilipoanza kushuka 2024 vita vilikuwa bado vinaendelea.

#24 Mgeni wa Jukwaa
Habari zenu. Nataka kutengeneza jedwali langu la nchi zote tangu 2000. Nianzie wapi?

#25 Bi Takwimu
Karibu. Hatua ni hizi, na nitataja panapoharibika.

Pakua faili la SIPRI. Lina karatasi kadhaa: bei za sasa, bei za mwaka mmoja wa msingi, asilimia ya pato la ndani, fedha ya nchi kwa mwaka wa fedha na kwa mwaka wa kalenda. Namba za bluu ni makadirio yao, nyekundu hazina uhakika, nukta tatu ni kwamba takwimu hazipatikani, na xxx ni kwamba nchi haikuwepo. Ukiingiza kwenye programu ya takwimu rangi zinapotea, kwa hiyo weka safu ya pembeni ya kuziandika kwanza.

Kwenye hifadhi ya OECD chukua jedwali la DAC1. Utakuta vipimo viwili: fedha halisi iliyotoka na usawa wa ruzuku, ile hesabu ya mikopo ya #13. Kwa mfululizo wa tangu 2000 tumia fedha iliyotoka kote, kwa sababu usawa wa ruzuku unaanza 2018. Ukichanganya utaona Japani inaruka 2018 na utaandika makala ya uongo.

Bei: sasa kwa sasa. Usiweke jeshi kwa bei za msingi na misaada kwa bei za sasa. Mwaka: ODA ni ya kalenda, bajeti ya Marekani inaanza Oktoba, ya Japani inaanza Aprili, na SIPRI wamesharekebisha kwenye karatasi ya kalenda. Usirekebishe mara ya pili.

Mwisho kabisa, takwimu za OECD za Aprili ni za awali. Za mwisho hutoka karibu na mwisho wa mwaka na hubadilika.

#26 Mgeni wa Jukwaa
Shukrani sana. Asilimia nayo nigawanye kwa nini?

#27 Mkaguzi Mstaafu
Hapo ndipo wengi huanguka. 0.7 ni ya pato la taifa, yaani pamoja na mapato yanayotoka nje na kutoa faida za wageni. 2 ya NATO ni ya pato la ndani. Kwa Ufaransa tofauti ni ndogo. Kwa Ayalandi ni kubwa mno, kwa sababu faida za makampuni ya kimataifa zinaandikwa pale kisha zinaondoka. Matumizi yake ya kijeshi yanaonekana 0.2 ya pato la ndani. Ukigawa kwa pato la taifa yanapanda, ingawa hayafiki mbali. Luxembourg ililalamikia hilohilo ndani ya NATO, na sasa inapimwa kwa pato la taifa, peke yake.

#28 Kaskazi
Kwa hiyo Ayalandi misaada inazidi jeshi?

#29 Bi Takwimu
Inazidi. 2024 misaada karibu dola bilioni 2.5, jeshi kama nusu yake. Ila usiifanye mfano wa kuigwa haraka: haimo NATO, na sehemu kubwa ya msaada wake ni wakimbizi wa Ukraine waliohifadhiwa ndani.

#30 Kibarango
Mimi nakwenda upande mwingine kidogo. Meli moja ya kubeba ndege, USS Gerald R. Ford, iligharimu takribani dola bilioni 13. Mwaka 2022, uliokuwa na michango mingi kuliko wowote, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipata kama bilioni 14. Meli moja, shirika zima mwaka mzima.

#31 Mkaguzi Mstaafu
Mifano ya hivi inavutia macho lakini meli inakaa baharini miaka 50. Igawe kwa miaka yake, kisha ongeza mabaharia, mafuta ya ndege na matengenezo. Hapo ndipo utapata gharama ya mwaka, na huenda ikakushtua zaidi kuliko bei ya kununulia.

#32 Tarakimu
Kwa wanaosema msaada unafilisi nchi tajiri: kwa Marekani ilikuwa takribani asilimia 1 ya bajeti ya serikali kuu, ulinzi kama 13. Kwenye kura za maoni raia hukadiria msaada kuwa zaidi ya robo ya bajeti. Mtu akiamini anatoa robo, kumwambia apunguze ni rahisi. Hii naiongeza kwenye rundo la sababu, siiweki badala ya mikataba ya Nyuki Dume.

#33 Nyuki Dume
Naipokea, ila haielezi Uingereza, ambako bunge zima lilijua namba na bado likakata.

#34 Kaskazi
Mbele ni nini? OECD walikadiria misaada ya 2025 kushuka kati ya asilimia 9 na 17. NATO nao wamehamia asilimia 5 ifikapo 2035.

#35 Mkaguzi Mstaafu
Soma vizuri makubaliano ya Hague ya Juni 2025. 5 ni 3.5 kwa ulinzi wenyewe na hadi 1.5 kwa vinavyohusiana: miundombinu, usalama wa mitandao, uimara wa raia, uwezo wa viwanda. Kwenye hiyo 1.5 daraja linaweza kuingia ikiwa linabeba vifaru. Na michango ya moja kwa moja kwa ulinzi wa Ukraine inahesabiwa kwenye matumizi ya ulinzi ya mwanachama. SIPRI wana ufafanuzi wao na hawatalazimika kuifuata NATO, kwa hiyo tutakuwa na namba mbili za jeshi zinazoachana zaidi kila mwaka.

Mgeni wa Jukwaa, kwenye jedwali lako fungua safu ya NATO na ya SIPRI tofauti tangu sasa, na usiguse ile ya 1.5 mpaka NATO wafanye mapitio yao ya 2029.

#36 Mgeni wa Jukwaa
Nimefungua. Luxembourg niiweke kwa pato lipi?

#37 Bi Takwimu
Yote mawili, safu mbili, na andika juu ya kila safu ni ipi.